Nyumba ya kuhimili zombi kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100: mnikosoe

Mwenye_Kiwanja (Mukono)

Habari zenu wana jukwaa. Huu ni ubishi wa jioni, lakini nataka majibu ya watu wanaojua kujenga, si ya watazamaji wa filamu. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15.2 kwa 30.5, kwenye mteremko wa kilima hapa Mukono, Uganda. Ukichimba nusu mita unakuta murram ngumu (udongo mwekundu wa changarawe). Watu ni 6, wawili kati yao watoto. Lengo ni kukaa miezi 6 bila kutoka nje.

Sheria za zombi tulizokubaliana: hasikii maumivu, hachoki, mwendo wake wa pole, anafuata sauti na mwanga. Hajui ngazi wala ufunguo, ila wakijaa mia mbili wanasukumana. Ugonjwa unapita kwa kuumwa au kwa damu. Umeme hamna, maji ya bomba hamna, polisi hawaji.

Mpango wangu: ukuta wa matofali ya kuchoma kuzunguka kiwanja chote, unene inchi 9, kimo futi 8, chupa zilizovunjwa juu yake, waya wa umeme, geti la chuma. Ndani bangaloo ya kawaida ya vyumba vitatu. Kitu gani kitaanguka kwanza?

---

fundi_mawe

Ssebo, kitakachoanguka kwanza ni huo ukuta wenyewe, tena kipande kizima kwa mpigo.

Twende kwa hesabu. Mita moja ya ukuta wa sm 23 wenye kimo cha mita 2.4 ina uzito wa karibu tani moja (matofali na mota ni kama kilo 1,800 kwa mita ya ujazo). Uzito huo umekaa katikati ya unene, sm 11.5 tu kutoka ukingo ambao ukuta utapindukia. Kilo 1,000 mara mita 0.115 ni 115. Hicho ndicho kiasi ukuta unachoweza kubisha kabla ya kupinduka, kwa sababu mota haina nguvu ya maana ikivutwa.

Sasa umati. Vizuizi vya viwanja vya mpira Uingereza husanifiwa kuhimili hadi kilonyutoni 5 kwa kila mita, yaani karibu kilo 500, kwenye kimo cha mita 1.1 hivi. Hao ni watu wanaosikia maumivu na wanaoweza kurudi nyuma. Tuwaonee huruma zombi wako tuwape 300 tu: 300 mara 1.1 ni 330. Ukuta wako una 115. Ukiurefusha hadi mita 3.6 unafika kama 170, na upepo wa mvua za Machi nao umepata mahali pakubwa pa kusukuma.

Dawa ya kawaida ni kuta fupi za kuegemeza upande wa ndani, kila mita 2, kila moja ikitoka mita 1 chini na kupungua kuelekea juu. Hapo hata ile 500 ya viwanjani haikupindui. Lakini mzunguko wako ni mita 91, kwa hiyo ni kuta fupi 45 zinazokula mita nzima ya ua kila upande. Ni fedha ya nyumba ya pili.

Chupa na waya wa umeme futa kabisa. Vyote viwili vinafanya kazi kwa kuuma, na umesema hawasikii maumivu. Waya wa miiba ni hatari zaidi, kwa kuwa unawashika waliotangulia, miili inarundikana, na waliofuata wanapata ngazi uliyosema hawajui kuitumia.

Ushauri wangu: usijenge nyumba ndani ya ukuta. Jenga nyumba ambayo ndiyo ukuta. Vyumba vizunguke ua wa katikati, migongo yao iwe nje. Nje mita 13 kwa 20, vyumba vyenye kina cha mita 3, ua unabaki mita 7 kwa 14. Kila ukuta wa kugawa vyumba ni kiegemeo ambacho ungelipia hata hivyo, na paa linaongeza uzito.

Vipimo ningeanzia hapa:

Msingi upana sm 60, kina sm 75 au mpaka uikute murram, zege la chini sm 20 kwa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto). Kwenye mteremko usichimbe msingi ulioinama. Chimba kwa vipandio, kila kipandio kisizidi unene wa zege, na zege la juu lilalie la chini angalau sm 40.

Ukuta wa nje sm 23, mota 1:4 (saruji kwa mchanga), kimo mita 3.6 upande wa nje na 2.7 upande wa ua. Paa la upande mmoja linamwagia ndani, bati geji 28. Mabati yaishie ndani ya ukuta wa nje, yasichomoze, maana ukingo wa bati ni mshikio.

Mkanda wa zege sm 23 kwa 23 juu ya kuta zote, nondo 4 za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sm 20. Usikatishe mkanda popote, hata juu ya lango.

Pale mafundi wengi wanapoharibu ni kwenye maungio. Ukuta wa kugawa lazima upande pamoja na wa nje, safu kwa safu, matofali yakifumana. Ukiacha meno ukasema utaunganisha wiki ijayo, una kuta mbili zinazosalimiana tu. Weka na ukanda wa chuma, hupu-ayani, kila safu ya 3, uingie mita 1 kila upande wa kona. Matofali ya tanuru hayalingani, kwa hiyo gonga kila moja: linalolia kama chuma weka nje, linalolia bubu weka kuta za ndani.

---

kisiwa_84

Kwa nini mnajitesa bara? Ssese, kule Ziwa Victoria, ina visiwa 84. Chagua kidogo, pandisha mtumbwi, kwisha. Zombi hajui kupiga kasia.

---

mama_dawa (Lira)

Kisiwa 84, zombi uliyeelezwa hachoki, na hakuna aliyesema anahitaji kupumua. Ziwa Victoria ni pana lakini si refu kwenda chini, wastani wake ni mita 40 tu. Atatembea sakafuni, atafika amelowa. Tuseme hata hafiki: utaoga wapi? Kichocho kiko kwenye maji ya ukingoni, ambapo ndipo utachota na watoto watacheza. Na visiwa vidogo vinavyokalika vimeshajaa wavuvi.

Nirudi kwa mwenye swali, kwa sababu naona mmehesabu tofali na hamjahesabu mbu. Kwa Uganda, watu 6 waliofungiwa miezi 6 wataguswa na malaria kabla hawajaguswa na zombi. Chandarua chenye dawa kwa kila kitanda, wavu wa mbu kwenye kila tundu la hewa. Vipimo vya haraka kama 25. Dawa mseto ya artemether-lumefantrine ya kawaida kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne kwa mara moja, mara sita ndani ya siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Ningeweka dozi 2 kwa kila mtu, za watoto kwa uzito wao. Soma tarehe ya mwisho kwenye boksi, usinunue akiba leo ukaisahau miaka mitatu.

Kuhara ndiko kunakofuata. Sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha, kwa lita 1 ya maji safi. Andika ukutani kwa rangi, usitegemee kichwa cha mtu aliyekosa usingizi.

Na chumba cha karantini. Hata mkijifungia kuna siku mtu atagonga, na ni shemeji. Kiwe kati ya milango miwili ya lango, chenye ndoo yake, kitanda chake na tundu la kupitishia chakula. Muda? Ugonjwa wenu ni wa kubuni, kwa hiyo azima kipimo cha ugonjwa tunaoujua: Ebola hujificha mwilini siku 2 hadi 21, ndiyo maana waliogusana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, kama Mubende na Kassanda mwaka 2022.

Klorini ya unga ya asilimia 70: kwa viatu, sakafu na vyombo, gramu 140 kwenye jerikeni la lita 20, unapata asilimia 0.5. Kwa mikono gramu 14 tu kwenye jerikeni la pili. Majerikeni yawe na rangi tofauti, maana atakayenawa kwa lile la sakafu atachubuka. Koroga upya kila siku, na unga wenyewe ukae mbali na chuma na mafuta.

---

mtu_wa_Moroto

Fundi ameongea vizuri, ila mnachoita ua wa ndani sisi Karamoja hatukukisoma kwenye ramani za wahandisi. Boma la Karamoja ni uzio wa matawi ya miiba, nyumba ndani, ng'ombe ndani kabisa. Cha kuiga ni mlango: mfupi kiasi kwamba anayeingia anainama au anatambaa. Mtu aliyeinama hasukumi, na nyuma yake hakuna nafasi ya mwenzake kumsukuma.

Kwa hiyo mlango wa watu kwenye nyumba ya Mwenye_Kiwanja uwe upana sm 60, kimo sm 90, na kizingiti cha zege cha sm 30 cha kuvuka. Lango la gari ni anasa, lakini najua mtaling'ang'ania.

Mnaweza pia kuchimba handaki, mtaro wa kina kuizunguka nyumba. Uganda hii ina mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi kando ya mto Katonga, zaidi ya kilomita 10 ukijumlisha, mengine yamekatwa ndani ya mwamba. Ngome ya Samuel Baker kule Patiko, ya mwaka 1872, nayo ina handaki kuizunguka. Handaki linamnyima adui mahali pa kusimama akasukuma.

---

fundi_mawe

Nakubali handaki, lakini mjue bei yake. Upana mita 2 juu, sm 80 chini, kina mita 1.8, ukizungusha ndani ya mpaka wa kiwanja ni kama mita 83 za urefu. Huo ni udongo mita za ujazo 210 ukiwa ardhini, na ukishachimbwa unavimba robo, unakuwa 260. Mtu mwenye sururu na koleo hutoa mita 2 hadi 3 kwa siku. Weka siku-kazi 85, na kwenye murram kavu zidisha.

Udongo huo usiurundike kwenye ukuta. Watu hudhani wanauimarisha, kumbe udongo uliolowa unasukuma kuliko zombi. Tandaza uani kuinua sakafu sm 30, unaobaki weka kwenye magunia au uza. Anayechimba kupita kiuno lazima kingo zilazwe au zizuiwe kwa mbao. Murram husimama wima mwezi mzima, kisha ikaporomoka asubuhi moja baada ya mvua.

Upana nao una shida. Kiwanja cha mita 15.2 ukitoa mita 2 kila upande, nyumba ya upana wa mita 13 haiingii. Ipunguze iwe mita 10.5 kwa 20. Ua unakuwa 4.5 kwa 14, mwembamba lakini mchana kuna jua.

---

mama_dawa (Lira)

Na handaki lisituame! Mbu anatoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 14. Mkilizungusha handaki la maji yaliyosimama mmejifugia malaria mita moja kutoka dirishani. Kwa bahati mko kwenye mteremko: chini lilale sm 1 kwa kila mita, na kwenye kona ya chini kabisa litoboke kwa bomba la inchi 6 lenye nondo mdomoni. Kila baada ya mvua mtu achungulie kama majani yameziba.

---

Mwenye_Kiwanja (Mukono)

Ukuta nimeufuta, nanyoosha mikono. Naenda na mita 10.5 kwa 20. Sasa maji, chakula, choo. Na kweli lango la gari ni anasa? Pickup itabaki nje?

---

stoo_kavu

Nyumba hiyo mpya ina paa la mita za mraba 147 (210 toa ua wa 63). Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Pande za Kampala na Mukono hupata kama milimita 1,200 kwa mwaka, na ukipoteza asilimia 20 bado unakusanya lita 140,000. Watu 6 kwa lita 15 kila mmoja wanatumia lita 16,200 kwa siku 180. Maji si tatizo lako kabisa. Tatizo ni kiangazi cha Desemba hadi Februari, kwa hiyo tenki 2 za lita 10,000, kila moja na bomba lake, moja ikipasuka au ikichafuka isikumalize. Gata zilale sm 1 kwa mita. Lita 150 za kwanza za kila mvua baada ya kiangazi zimwagwe, ndizo zinazobeba kinyesi cha ndege.

Kinachosahaulika kwenye nyumba ya ua ni kwamba mvua yote inaangukia ndani. Mvua ya milimita 50 juu ya paa na ua ni lita 10,500, pengine kwa saa moja. Tenki zikiwa zimejaa na mfereji wa kutokea umeziba, mnalala kwenye bwawa. Weka mifereji 2 ya inchi 6 kupita chini ya msingi kwenda handakini, yenye nondo, na sakafu za vyumba ziwe sm 20 juu ya ua.

Chakula, kwa kila mtu kwa siku: mahindi gramu 400, maharage 100, karanga 30, mafuta 25, chumvi 5. Hiyo ni kama kilokalori 2,100 na kitu. Kwa watu 6 siku 180: mahindi kilo 432, maharage kilo 108, karanga kilo 32, mafuta lita 30, chumvi kilo 5 na nusu. Weka mahindi mazima, si unga wa posho, maana unga hautunziki vizuri miezi sita. Ila mtahitaji kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono, kilichofungwa mezani kwa bolti. Kutwanga kwa mchi kunasikika mtaa wa pili, na mmesema wageni wenu wanafuata sauti.

Mahindi yakauke hadi unyevu wa asilimia 13. Huna mashine? Chupa kavu ya kioo, konzi ya mahindi, kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika 2 au 3, acha yatulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado mabichi, yarudishe juani. Ukiyafunga hivyo utapata ukungu na sumukuvu, na hiyo haiondoki kwa kupika. Yaliyokauka yaingie kwenye magunia yasiyopitisha hewa, yale ya tabaka tatu: kila tabaka limekazwa hewa itoke, linakunjwa na kufungwa peke yake. Dumuzi na fukuzi wanakufa kwa kukosa hewa. Nunua ya kilo 50, si 100, kwa sababu ukifungua umeruhusu hewa. Panya ndiye adui wa magunia haya, kwa hiyo juu ya mbao sm 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta nafasi ya mtu kupita.

Mboga: dodo (mchicha) kwenye magunia ya udongo uani, unaanza kuchuma baada ya wiki 3 au 4. Bila kitu kibichi fizi zitaanza kutoka damu mwezi wa tatu. Kuku fuga mitetea tu. Wanataga bila jogoo, na jogoo ataita wilaya nzima saa kumi na moja alfajiri.

Choo cha shimo, upana mita 1, kina mita 3. Watu 6 hujaza kama mita 0.36 ya ujazo kwa mwaka, kwa hiyo hakijai. Kiwe upande wa chini wa mteremko, majivu kila baada ya haja. Kupika uani tu. Sigiri ya makaa ndani ya vyumba hivyo vyenye matundu madogo itawaua usingizini bila msaada wa zombi.

Umeme wa jua: paneli ya wati 300 ikipata saa 5 nzuri inatoa kama kilowati-saa 1 baada ya upotevu. Taa 6 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 150, redio na simu kidogo, imetosha. Paneli ziwe kwenye paa linaloinamia uani, zisimetemete nje. Hapa karibu na ikweta mwelekeo haubadilishi mengi. Jenereta acha, kelele yake ni mwaliko.

---

fundi_mawe

Lango. Ukiling'ang'ania liwe mawili, moja nje na moja ndani, katikati mita 6 za kuingiza pickup, na lisifunguliwe la pili kabla la kwanza halijafungwa. Chumba cha karantini cha mama_dawa kifunguke humo. Juu ya handaki weka magogo 2 na mbao za kuvutwa ndani, si kalvati la kudumu.

Lango la nje lisiwe la mabawa mawili yanayofunguka kuelekea ndani. Hilo linashikiliwa na komeo peke yake. Liwe la kuteleza, lipite nje ya nguzo, likisukumwa linajilaza kwenye nguzo za zege. Nguzo sm 30 kwa 30, nondo 4 za milimita 16, zishuke mita 1 ardhini na zifungwe kwenye mkanda wa juu. Fremu ya bomba la mraba la milimita 50 lenye unene wa milimita 3, bati la milimita 2. Reli ya chini hujaa matope na lango likagoma siku unayolihitaji, kwa hiyo ning'iniza juu kwa magurudumu, chini iwe njia ya kuongoza tu. Paka grisi, lisipige kelele.

Mlango mfupi wa watu vilevile ufunguke kwa nje, ukisukumwa unakaa kwenye fremu. Ubaya wake ni kwamba miili ikirundikana nje haufunguki tena. Ndiyo maana njia ya tatu ni lazima: tundu la sm 60 kwa 60 kwenye paa la kona iliyo upande wa juu wa mteremko, kifuniko chenye komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, na ngazi ya mita 5 imelala juu ya paa hapo hapo, ya kutosha kuvuka handaki. Madirisha ya nje yasiwe na ukubwa wowote wa kupita mtu, matundu ya sm 10 kwa 60 tu chini ya mkanda. Kwa hiyo moto ukiwaka chumba cha lango na mlango mfupi umezibwa, hilo tundu ndilo lililobaki. Mtoto wa miaka 8 aweze kulifungua gizani. Akishindwa, badilisha komeo.